Kuchagua chuo cha nje kama kwenu hela ni ya shida: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kuanzia mwezi wa nne kila mwaka meseji ninazopata ni za aina moja. "Kaka nimepata admisheni Marekani, naomba unisaidie kupata mfadhili wa ada." Ukiuliza ada ni kiasi gani unaambiwa dola elfu thelathini na kitu kwa mwaka, mzazi ana genge au analima, na dedilaini ya kulipa dipoziti ni wiki ijayo.

Hapo inakuwa ngumu sana kusaidia. Sehemu kubwa ya hela za wanafunzi wa nje inatolewa na chuo chenyewe au na serikali ya nchi husika, na inatolewa pamoja na admisheni au kabla yake. Mtu wa kukulipia ukiwa tayari una barua mkononi karibu hayupo. Barua ya admisheni sio hela, ni ruhusa ya kwenda kulipa.

Kwa hiyo mwongozo huu unageuza mpangilio: unatafuta hela ilipo, halafu ndo unaangalia chuo gani kimekaa hapo. Nimeuandika kwa ajili ya digrii ya kwanza. Wa masters njia ni zile zile ila vyuo vinatofautiana.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Usianze kufungua akaunti za maombi kama hivi havipo, utaishia njiani.

- Pasipoti, au angalau maombi yake yawe yameanza.
- Vyeti vyote vya sekondari na ripoti za muhula za miaka mitatu au minne ya mwisho. Watu wengi wana cheti cha NECTA au KNEC tu, ripoti za shule wamezitupa, na vyuo vya Marekani vinazitaka.
- Walimu wawili wanaokujua kwa jina na wanaoweza kutumia imeili. Ongea nao mapema, wengine barua ya kukupendekeza itawachukua wiki nzima kuiandika.
- Ushahidi wa kipato cha nyumbani: salari slipu kama ipo, kama haipo basi steitimenti ya M-Pesa au Airtel Money ya miezi 12, leseni ya biashara, na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa (Kenya barua ya chifu) inayotaja mzazi anafanya kazi gani, anapata kama shilingi ngapi, na anahudumia watu wangapi.
- Imeili moja tu ya maombi yote, na namba ya simu ambayo hutaibadilisha.
- Kadi ya kulipia mtandaoni inayokubali dola na euro. Ya simu inatosha.
- Daftari au faili la Google Sheets.
- Muda. Kati ya miezi 12 na 18 kabla ya kuanza masomo. Aliyemaliza form six mwezi wa tano akitaka kuanza Ulaya au Marekani mwezi wa tisa mwaka huo huo, njia nyingi nitakazotaja hapa zimeshafungwa.

## Hatua ya 1: Pata namba moja kutoka nyumbani

Kaa na wazazi au walezi uwaulize swali moja lenye jibu la shilingi: kwa mwaka mzima mnaweza kutoa kiasi gani bila kuuza shamba na bila kukopa? Iandike. Hata kama ni laki tano. Hata kama ni sifuri, sifuri ni jibu zuri kabisa na kuna vyuo vinaifanyia kazi.

Sababu ni kwamba kila fomu ya msaada itakuuliza familia itachangia kiasi gani. Mtu asiye na namba anaandika namba ya kujitutumua, dola 8,000 hivi ili aonekane yuko siriasi, halafu chuo kinamkubali kwa masharti ya hizo dola 8,000 na nyumbani hazipo.

Usihesabu ahadi za mjomba. Mjomba aliyesema "tutaona" huwezi kumuweka kwenye fomu. Na mchango wa ukoo au harambee unalipa nauli, hauwezi kulipa ada ya miaka minne, maana watu wanachanga mara moja, mwaka wa pili hawapokei simu.

Hatua imekamilika kama namba hiyo umeigeuza kuwa dola na euro na wazazi wote wanaijua.

## Hatua ya 2: Jua hela imekaa kwenye mifuko gani

Mwanafunzi asiye na hela ana mifuko mitatu ya kweli.

Mfuko wa kwanza ni vyuo binafsi vya Marekani vyenye akiba kubwa ambavyo vinajaza pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia yako. Wa pili ni nchi ambazo chuo cha serikali kina ada ndogo au hakina kabisa, kama Ujerumani na Italia. Wa tatu ni skolashipu za serikali zinazolipa kila kitu, kama za Uturuki na China.

Kuna wa nne unaotangazwa sana, ni ile skolashipu ya asilimia 20, 30 au 50 ya ada. Huu ndo unaomaliza watu. Punguzo la asilimia 50 kwenye ada ya dola 30,000 linakuachia dola 15,000, na bado hujala wala hujalala. Ukiona chuo kinakutumia "hongera umepata skolashipu" siku mbili baada ya kuomba, bila kukuuliza chochote kuhusu nyumbani kwenu, jua hilo ni punguzo la kibiashara.

Na sio lazima kwenda mbali. Ashesi kule Ghana wana msaada unaotegemea hali ya familia na wanapokea wanafunzi kutoka Afrika nzima. Weka angalau chuo kimoja cha bara hili kwenye orodha yako.

## Hatua ya 3: Marekani, jifunze kusoma ukurasa wa H6

Hapa nitakaa kidogo maana ndo watu wanaanguka zaidi.

Gharama ya vyuo vikubwa binafsi vya Marekani, ada na chumba na chakula, ni zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka. Ukiiona unafunga ukurasa, unaenda kutafuta chuo cha serikali cha jimbo kinachosema dola 35,000, unaona hiki ndo cha maskini. Ni kinyume. Vyuo vingi vya serikali kule hela yao ya msaada ni ya wakazi wa jimbo na raia, mwanafunzi wa nje anategemewa alipe karibu bei yote. Mfumo wa University of California kwa mfano hautoi msaada wa mahitaji kwa wanafunzi wa kimataifa.

Kinyume chake Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin hawaangalii uwezo wako wa kulipa wakati wa kukuchagua, hata kama wewe ni wa nje, na wakikuchukua wanajaza pengo lote. Tatizo lake unalijua, wanachukua watu wachache mno, Harvard ni chini ya asilimia 5 ya wanaoomba.

Kundi la pili ndo lenye nafasi zaidi na halijulikani huku kwetu: vyuo vidogo kama Grinnell kule Iowa, Macalester kule Minnesota, Mount Holyoke na Smith (hivi viwili vya wanawake), Vassar, Colby. Hawa wanaangalia hela unayohitaji wakati wa kukuchagua, kwa hiyo anayehitaji nyingi ana ushindani mkali, ila wakikukubali wanajaza pengo. Halafu kuna Berea College, Kentucky, ambako hakuna mwanafunzi anayelipa ada na kila mmoja anapangiwa kazi ya chuo kila wiki.

Sasa kwa chuo kingine chochote ambacho hujui, fanya hivi:

1. Google andika jina la chuo na maneno Common Data Set, hii ni ripoti ya takwimu ambayo chuo kinaitoa. Utapata PDF ya kurasa nyingi. Chukua ya mwaka wa karibuni.
2. Nenda sehemu ya H, swali la H6. Linahusu msaada kwa wanafunzi wa nje, wanaitwa nonresident.
3. Andika vitu viwili: wanafunzi wangapi wa nje walipewa msaada, na wastani kila mmoja alipata dola ngapi.
4. Rudi sehemu ya B ujue wanafunzi wa nje wapo wangapi kwa jumla.
5. Toa wastani wa msaada kwenye gharama yote ya mwaka.

Tuseme gharama ni dola 62,000. Wanafunzi wa nje ni 300, waliopewa msaada ni 40, wastani dola 18,000. Maana yake wengi wanalipa wenyewe, na hata aliyebahatika bado anadaiwa dola 44,000 kwa mwaka. Kifute. Chuo kingine gharama ni 84,000, wa nje ni 250, waliosaidiwa ni 190, wastani 71,000. Hicho kibakize, maana wastani umechanganya wenye uwezo na wasio nao, na wewe wa kipato cha chini unaweza kupata zaidi ya wastani.

Ukishafika H6 telemka mpaka H7, pale wanaorodhesha fomu za msaada wanazotaka kwa wanafunzi wa nje, kama ni CSS Profile (fomu ya mtandaoni ya hali ya kifedha ya familia, inatumiwa na vyuo vingi) au fomu yao wenyewe. Zinaingia kwenye daftari pia.

Kama sehemu ya H6 ipo wazi, hawajajaza, watumie imeili ofisi ya msaada wa kifedha uulize moja kwa moja: mwaka uliopita mwanafunzi wa nje aliyepata msaada mkubwa kabisa alipata kiasi gani? Wakikujibu kwa namba, vizuri. Wakikurushia linki ya ukurasa wa skolashipu tu, songa mbele.

Tahadhari mbili. Ya kwanza, kuna ushauri unazunguka kwamba kwenye fomu tiki "sihitaji msaada" ili upate admisheni kirahisi halafu ukifika ndo uombe. Usifanye. Vyuo vingi vina sheria kwamba mwanafunzi wa nje ambaye hakuomba msaada mwanzoni haombi tena miaka inayofuata.

Ya pili ni viza. Juni 2025 Marekani iliweka vizuizi vipya, Burundi ikawemo na viza za wanafunzi zikaguswa, na orodha ya nchi imeendelea kupanuliwa. Kabla hujalipia chochote ingia kwenye websaiti ya ubalozi wa Marekani wa nchi yako uone hali ya viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, kwa pasipoti yako. Na kama unategemea Marekani peke yake, usitegemee.

## Hatua ya 4: Ulaya, achana na orodha za zamani

Bado kuna video na posti zinasema "nchi za Scandinavia kusoma ni bure". Zilikuwa bure. Denmark ilianza kutoza wasio wa Ulaya 2006, Sweden 2011, Finland 2017, na Norway ikafuata 2023. Makala yoyote isiyoonyesha tarehe usiipangie maisha yako.

### Ujerumani

Vyuo vya serikali kwa kawaida havina ada, unalipa mchango wa muhula ambao ni euro mia na kitu mpaka mia tatu na kitu, mara nyingi na tiketi ya usafiri imo ndani. Ila jimbo la Baden-Württemberg linatoza wasio wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na chuo cha TUM cha Munich kimeanza kutoza tangu 2024.

Kikwazo cha maskini Ujerumani sio ada, ni akaunti iliyofungwa. Kwa viza unatakiwa kuonyesha euro 11,904 za kuishi mwaka mmoja, zikae benki na utoe 992 kila mwezi. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 30 za Tanzania, ziwepo kabla hujaondoka. Unaweza kukwepa kwa kuwa na skolashipu au ndugu anayeishi kule akaweka dhamana rasmi kwa mamlaka ya uhamiaji. Kama huna hata kimoja, neno "bure" lisikudanganye.

Pia cheti chako peke yake kinaweza kisitoshe. Angalia kwenye anabin, database ya Ujerumani ya kutambua vyeti na vyuo vya nje, nchi yako imewekwaje. Wengi wanatakiwa kupita mwaka mmoja wa maandalizi, unaitwa Studienkolleg, ambao ni kwa Kijerumani. Na kozi nyingi za digrii ya kwanza ni kwa Kijerumani, za Kiingereza ziko zaidi kwenye masters.

### Italia

Hii ndo ninayowasukumia zaidi vijana wenye kipato kidogo, na wachache wanaijua. Vyuo vya serikali vya Italia ada inapangwa kwa kipato cha familia, na juu ya hapo kila mkoa una skolashipu ya mahitaji inayoitwa DSU. Ukiipata hulipi ada, unapewa kiasi cha euro 6,000 hadi 7,000 na kitu kwa mwaka, ambapo sehemu inaweza kukatwa kama umepewa chumba na kadi ya kantini. Haiangalii ulikuwa wa kwanza wilayani, mwaka wa kwanza inaangalia hali ya kwenu. Bologna, Padova, Torino, Pavia na Sapienza ya Roma wote wana kozi za digrii ya kwanza kwa Kiingereza.

Kazi iko kwenye karatasi. Unatakiwa kutengenezewa hati inaitwa ISEE parificato, ambayo inapima kipato na mali ya familia. Kule Italia inatengenezwa na ofisi zinaitwa CAF, nyingine zinapokea kwa imeili. Wewe unapeleka:

- karatasi ya nani anaishi kwenye kaya yenu, na uhusiano wao
- kipato cha kila mtu mzima kwa mwaka wa kalenda wa miaka miwili nyuma. Anayeomba masomo ya 2026/27 anatumia kipato cha 2024, Januari mpaka Desemba, sio miezi sita ya karibuni
- nyumba au ardhi, na ukubwa wa nyumba kwa mita za mraba
- salio la benki mwishoni mwa mwaka huo huo

Zote zinatafsiriwa Kiitaliano na kuthibitishwa kwa utaratibu wa ubalozi wa Italia. Hapo ndo muda unakwenda, anza mwezi wa pili au wa tatu wala usingoje majibu ya chuo. Barua ya mtendaji iwe na maneno ya wazi, kwa mfano "katika mwaka 2024 alipata jumla ya shilingi kadhaa kutokana na kilimo cha mahindi, mke wake hana ajira rasmi." Barua inayosema tu "ni mkazi mwema na familia yake ni duni" itarudishwa, haina namba. Kama mzazi amefariki weka cheti cha kifo, kama wameachana weka karatasi ya mahakama au ya Bakwata au ya kanisa, usiache pengo ambalo afisa wa kule atajiuliza baba yuko wapi.

Italia pia ina orodha ya nchi inazozihesabu kuwa maskini zaidi, wizara inaitoa kila mwaka. Kama nchi yako imo, kama Kongo au Burundi, utaratibu wa karatasi unakuwa mwepesi. Iulize ofisi ya DSU ya mkoa.

Tahadhari. Kuomba chuo na kuomba DSU ni vitu viwili tofauti, na tangazo la DSU, linaitwa bando, mara nyingi linatoka kiangazi, karibu mwezi wa saba, na linafungwa mwezi wa nane au wa tisa, mikoa inatofautiana. Kuna watu wamekubaliwa chuo wakadhani skolashipu itakuja yenyewe. Na ukiona jina lako kwenye matokeo soma vizuri umeandikwa mshindi au mwenye sifa tu, maana mkoa ukiishiwa hela wapo wanaobaki na sifa bila fedha.

## Hatua ya 5: Skolashipu za serikali

Hizi nitazipita haraka maana maelezo yake yako wazi, tatizo la watu ni dedilaini tu.

Uturuki, Türkiye Bursları: dirisha ni Januari 10 mpaka Februari 20, kuomba ni bure. Wanalipa ada, bweni, bima, posho, tiketi ya ndege, na mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki. Digrii ya kwanza uwe chini ya miaka 21 na wastani wa angalau asilimia 70, udaktari wa tiba wanataka 90.

China, CSC: ada, bweni, bima, na posho ya yuani 2,500 kwa mwezi kwa digrii ya kwanza. Unaweza kupita ubalozini au chuoni moja kwa moja. Digrii ya kwanza mara nyingi inaanza na mwaka wa Kichina, uhesabu.

Hungary, Stipendium Hungaricum, Kenya ipo kwenye orodha. Ada bure na bweni au mchango wa kodi, ila posho ni forinti 43,700 kwa mwezi, haitoshi kuishi, na nauli hailipwi. Iandike kwenye hesabu kama ilivyo.

Yeyote anayekuambia umlipe ili "akuingize" kwenye hizi tatu ni tapeli, huna haja ya kumsikiliza mpaka mwisho.

## Hatua ya 6: Piga hesabu ya pengo, miaka yote

Fungua faili. Kila chuo mstari wake, na kolamu hizi: gharama yote ya mwaka (ada, chumba, chakula, bima ya afya, vitabu), msaada ulio na ushahidi wa maandishi, pengo la mwaka, miaka ya kozi, pengo la jumla, na hela ya kuanzia kabla ya kuondoka.

Mfano wa kufikirika:

Chuo A, Marekani binafsi. Gharama 85,000. Msaada 82,500. Pengo 2,500. Miaka 4. Jumla dola 10,000.

Chuo B, Marekani cha jimbo. Gharama 38,000. Punguzo 10,000. Pengo 28,000. Miaka 4. Jumla dola 112,000.

Chuo cha dola 85,000 ndo cha bei nafuu. Na B itazidi hapo, kwa sababu ada inapanda kila mwaka na punguzo limekaa pale pale.

Kitu cha kukataza kabisa kwenye hili faili ni kolamu ya "nitafanya kazi". Viza ya mwanafunzi Marekani inaruhusu saa 20 kwa wiki ndani ya chuo wakati wa masomo, Ujerumani siku 140 nzima kwa mwaka. Hiyo ni hela ya sabuni, vocha na nguo za baridi. Ndoto ya kulipa ada kwa kuosha vyombo inaishia kwenye kukosa masomo, kisha kukosa viza.

Ukimaliza, futa kila chuo ambacho pengo la mwaka linazidi namba ya hatua ya 1. Inauma, unaweza kubaki na vyuo vinne kati ya ishirini. Hivyo vinne ndo vyuo vyako.

## Hatua ya 7: Hakikisha chuo kinatambulika huku na kule

Chuo cha bei ya chini sana kisichotambulika ni hasara kuliko kubaki nyumbani. Kabla ya kuomba angalia pande zote mbili. Kule: Marekani chuo kiwe na ithibati na kiwe na ruhusa ya kutoa fomu ya I-20 (ndo ya kuombea viza), Italia kiwe kwenye Universitaly, tovuti rasmi ya vyuo vya kule, Ujerumani anabin ikionyeshe H+, yaani kinatambulika. Huku waulize wasimamizi wa vyuo vikuu: Tanzania TCU, Kenya anza na CUE, Uganda NCHE.

Kwa udaktari, uuguzi, famasi, sheria na uhandisi usiishie hapo, andika barua kwa baraza la taaluma la nchi yako uulize kama digrii ya chuo hicho itakubalika kusajiliwa. Wapo wahitimu wenye vyeti halali kabisa wanaofanya kazi nyingine kwa sababu baraza limewadai mitihani na mafunzo ya ziada.

Na kuhusu mawakala: wengi wanalipwa komisheni na chuo kwa kila kichwa. Vyuo vinavyojaza pengo havihitaji kumlipa mtu aviletee wanafunzi, vinakimbiliwa. Kwa hiyo ukiingia ofisi ya wakala, vyuo utakavyooneshwa karibu vyote ni vya wanaolipa.

## Hatua ya 8: Omba kwa gharama ndogo

Changanya mifuko. Mtu wa kipato cha chini orodha nzuri inaweza kuwa vyuo vitano au sita vya Marekani vinavyojaza pengo, viwili vya Italia, Uturuki, China, na kimoja cha nyumbani ambacho una uhakika nacho. Usiache cha nyumbani, mkopo wa HESLB au HELB una dirisha lake na halikusubiri.

Kupunguza gharama:

Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi vya Marekani, ina sehemu ya kuomba kusamehewa ada ya maombi, itumie, mwalimu wako anathibitisha. Chuo kikikataa waandikie imeili fupi ya heshima ueleze kipato cha nyumbani, vingi vinasamehe.

CSS Profile ni dola 25 ya kwanza na 16 kila chuo kinachoongezeka. Uliza kila chuo kama kina namba maalum (code) ya msamaha au kinapokea fomu yake badala yake.

SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, msamaha wa ada yake ni kwa wanafunzi walioko Marekani, wewe utalipa, kwa hiyo fanya mara moja ukiwa umejiandaa. Yale, Harvard, MIT na Dartmouth wanataka matokeo ya mtihani, vyuo vingi vidogo hawalazimishi. Mtihani wa Kiingereza uliza kama wanapokea Duolingo, ni nafuu kuliko IELTS, au barua ya shule kwamba ulisoma kwa Kiingereza.

Wenye matokeo ya juu kabisa Kenya waangalie KenSAP, mpango unaowasaidia kuomba vyuo vya nje. Kwingineko watembelee ofisi ya EducationUSA, ya serikali ya Marekani ya kushauri wanafunzi, ushauri wao ni bure, na kuna nchi wana mfuko wa kuwalipia maombi wasio na uwezo.

Imeili ya kuomba msamaha usiandike hadithi ndefu ya mateso. Sentensi nne: mimi ni nani, nyumbani tunapata kiasi gani kwa mwaka kwa dola, ada ya maombi ni sawa na kipato cha siku ngapi, naomba msamaha. Ambatanisha barua ya mtendaji. Namba zinasikika kuliko machozi.

## Hatua ya 9: Soma barua ya msaada kwa kalamu

Majibu ya Marekani mengi yanatoka mwishoni mwa Machi na unatakiwa kujibu kufikia Mei 1. Barua ikifika, usipige kelele kwenye grupu la familia kwanza. Pigia mstari vitu hivi: kiasi gani ni zawadi, kiasi gani ni mkopo, kiasi gani ni kazi ya chuo ambayo lazima uifanye ndo uipate, bima ya afya imo au haimo, nauli imo au haimo, na msaada unarudiwa kila mwaka kwa sharti gani.

Pengo likibaki dogo, andika rufaa. Waeleze kilichobadilika au kisichoonekana kwenye fomu, mfano mdogo wako ameanza boding au mvua imeharibu mavuno, weka ushahidi, taja kiasi unachokosa. Wanajibu. Pengo likibaki dola elfu kumi na tano, kataa kwa heshima. Usilipe dipoziti ukitumaini, dipoziti nyingi hazirudi.

## Hatua ya 10: Hela ya kuondokea

Hata skolashipu kamili ina hela yake ya mbele, na hapa ndo harambee ina kazi. Marekani kuna dola 350 za SEVIS (mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi wa nje) na 185 za viza, nauli, na sehemu ya kulala kama bweni halijafunguliwa. Viandikie vyuo mapema, baadhi vinalipa hizi au vinakukopesha mpaka ufike.

Italia angalia zaidi, kwa sababu awamu ya kwanza ya DSU kwa kawaida inaingia karibu na mwisho wa mwaka, Novemba au Desemba, na masomo yanaanza Septemba au Oktoba. Kwa hiyo unahitaji kula na kulipa chumba miezi mitatu kwa hela yako, na dipoziti ya chumba binafsi inaweza kuwa kodi ya miezi miwili. Omba bweni la DSU kwenye fomu ile ile, usiache kile kisanduku.

Halafu mwaka wa kwanza Italia wanataka ufikishe idadi fulani ya krediti, kwa kawaida 20, kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye bando, usipofika skolashipu inafutwa na ulichopokea unadaiwa urudishe. Weka tarehe hiyo kwenye simu siku unayofika, chagua mitihani miwili au mitatu unayoiweza uifanye Januari na Februari, na fomu ya kuomba upya mwaka wa pili uijaze wewe mwenyewe Julai hiyo hiyo, hakuna ofisi itakayokukumbusha.